Mgeni amesahihisha, mwalimu amekataa: nimfuate nani?

Assalaam aleikum, Maalim.

Mimi ni kijana wa Langoni, mjini Lamu, na kazi yangu ni kupokea watu katika nyumba ndogo ya kulala wageni. Mwenye nyumba amenitaka niandike kwa Kiingereza karatasi moja ya kumpa kila mgeni anayefika, imweleze nyumba yetu ilipo, mahali pa chai ya asubuhi, namna ya kupata mashua na njia ya kwenda Shela kwa miguu. Niliiandika kwa uangalifu, nikiyapanga maneno kama nilivyofundishwa sekondari, kisha nikampa mgeni mmoja Mmarekani aipitie kabla haijapelekwa kwa mpiga chapa. Aliirudisha imejaa wino mwekundu.

Nilikuwa nimeandika "Breakfast is on the terrace which is up of the building", naye akafuta "which is", akabadilisha na mwisho wa sentensi, ikawa "Breakfast is on the terrace up on the roof". Kwenye "the boatmen who are down near to the jetty" alibakisha "the boatmen down by the jetty". Nilipomwambia mgeni aagize mashua "before two days", aliandika "two days ahead". Niliposema "outside the fort" aliongeza neno, ikawa "outside of the fort", na "get off the boat" ikawa "get off of the boat". Pale nilipoandika "walk onto Shela" alilipasua neno moja likawa mawili, "walk on to Shela", asinieleze sababu.

Jioni nilimwonyesha karatasi hiyo mwalimu mstaafu wa mtaani kwetu, mtu ambaye wengi tunamwamini. Alisema kwamba "up" na "on" vyote ni vihusishi, na vihusishi viwili havifuatani, kwa hiyo "up on" na "down by" ni maneno ya wasiojali sarufi. Tena nomino haiwezi kubebeshwa maneno hayo nyuma yake pasipo "which is" kukaa katikati. Nilipofungua kamusi nilizidi kuchanganyikiwa, kwa kuwa "up" imeandikwa mara kielezi, mara kihusishi.

Mwenye nyumba anataka karatasi ichapishwe kabla ya Maulidi, wakati ambapo mji hujaa wageni. Nimfuate nani, Maalim? Je, kuna kanuni ya kujua neno lipi hutangulia na lipi hufuata, au ni mambo ya kukariri tu?

Mpokea wageni, Langoni

*

Waaleikum salaam, mwanangu.

Mfuate mgeni wako katika "up on the roof", "down by the jetty", "two days ahead" na "walk on to Shela". Katika "outside of the fort" na "off of the boat" baki na ulivyoandika mwenyewe. Mwalimu wako ana haki katika jambo moja ambalo nitalifikia, lakini kanuni aliyokupa, kwamba vihusishi viwili havifuatani, haimo katika Kiingereza. Wenye lugha huandika "from behind the door" na "from under the bed" hata katika maandishi yaliyo rasmi kabisa, na hapo hakuna anayeweza kudai kwamba "behind" na "under" si vihusishi, kwani kila kimoja kina nomino yake mkononi.

Nianze na "which is", kwa sababu ndiyo inayofichua tunakotoka sisi. Kiswahili hakikubali nomino ifuatwe na mahali bila ya kiungo kinachopatana na ngeli yake. Twasema "mabaharia wa pale gatini" au "mabaharia walio pale gatini". Tukisema "mabaharia pale gatini" tukanyamaza, msikilizaji hungoja kitenzi. Kwa hiyo mzungumzaji wa Kiswahili anapoandika Kiingereza huona pengo baada ya nomino, na pengo hilo hulijaza kwa "which is" au "who are". Kiingereza hakilioni pengo hilo. Nomino yake hupokea mahali moja kwa moja, na kadiri sentensi inavyokuwa ya maelekezo ndivyo wenyewe wanavyopenda kuliacha wazi: "the terrace up on the roof", "the well out behind the kitchen", "the airport over on Manda". Ukiandika "the terrace which is up on the roof" hujakosea sarufi. Umerefusha tu, na mgeni aliyebeba mizigo juani hataki urefu.

Kosa lako halisi lilikuwa "of". Ulifikiri "juu ya jengo", ukaandika "up of the building". Katika lugha yetu "juu", "chini", "ndani", "nje", "nyuma", "mbele", "kando" na "katikati" vyote huunganishwa na nomino kwa "ya", hata mtu akadhani kila lugha lazima iwe na "ya" moja inayotosha kila mahali. Kiingereza kinayo "of", lakini ni maneno machache ya mahali yanayoikubali: "out of", "ahead of", "in front of", "on top of", na majina ya pande za dunia kama "south of". Hayo ni makundi yaliyokwisha kuganda, na lile neno la pili halibadiliki. Neno "ahead" halitafuti mwenzi mwingine wa kulifikisha kwenye nomino isipokuwa "of", kama vile "next" na "close" zilivyoshikamana na "to", na "away" na "from". Makundi haya ndiyo ya kukariri, nawe ukikutana nayo yachukue kama neno moja lenye vipande viwili.

Maneno kama "up", "down", "over", "out" na "back" hayakuganda hivyo. Neno moja, "up", laweza kufuatwa na "on the roof", "in the tower", "at the hospital", "by the water tank", "behind the mosque" au "near the top", na kila mara sentensi ni sahihi. Hapa ndipo penye kanuni uliyoniuliza. Neno la kwanza husema upande kutoka anaposimama msemaji au msomaji. Neno la pili husema uhusiano wa kitu hicho na alama inayotajwa. Ni kama nahodha anayegeuza omo, yaani mbele ya chombo, kwanza kuelekea bandari, kisha akachagua pa kutia nanga. Katika "the boatmen down by the jetty", "down" humwelekeza mgeni kutoka nyumbani kwenu kuteremka baharini, na "by" humwambia kwamba atawakuta kando ya gati, si juu yake wala ndani ya vyombo. Mpangilio huo haupinduliwi. Hakuna anayeandika "the boatmen by down the jetty".

Tena sisi wenyewe tuna mtindo huo. Mtu wa Lamu husema "kule juu darini", "pale chini gatini", "mle ndani chumbani", na hapana anayemwambia kwamba amerudia neno. Tofauti ni kwamba sisi huanza na kionyeshi, "kule", "pale" au "mle", na kwa hicho hutofautisha mbali, mahali hasa na ndani; Kiingereza huanza na neno la upande na huacha umbali ueleweke wenyewe, au hulimalizia kwa "there", kama katika "down there" na "over there".

Kuna kipimo kidogo cha kujihakikishia. Ondoa neno la kwanza uone kama sentensi inasimama: "the boatmen by the jetty" husimama, "the terrace on the roof" husimama, ila mgeni amepoteza upande. Sasa rudisha la kwanza uondoe la pili. "The terrace up the roof" humfanya msomaji aone mtu anaparamia paa, kwa sababu "up" ikishika nomino yenyewe bila ya neno la pili hutaja njia inayopandwa: "up the stairs", "up the hill", "up the ladder". Vivyo hivyo "down the jetty" ni kutembea kwa urefu wa gati hadi mwisho wake. Ndiyo maana mwalimu wako alipokutaka uchague moja kati ya "up" na "on" alikuwa anakupeleka kwenye sentensi mbili tofauti, moja pungufu na nyingine yenye maana usiyoikusudia.

Maneno ya upande yanahitaji uangalifu kuliko yale ya pili, kwa kuwa maana zake si zile za ukurasa wa kwanza wa kamusi. "Over" katika "the airport over on Manda" haina habari ya juu. Husema kwamba baina yako na mahali hapo pana kitu cha kuvuka, na kwenu kitu hicho ni mkondo wa bahari. Mokowe nayo, kwa kuwa ni ng'ambo bara, huwa "over in Mokowe". "Up" na "down" hazihitaji mlima wala bonde: msemaji wa Kiingereza husema "down in Shela" akiwa mjini Lamu, na "up in Faza", kwa sababu ramani zao huweka kaskazini juu, na barabara iliyo sawa kama meza bado huitwa "down the road". "Out" huelekea kwenye uwazi, kwa hiyo wavuvi walio nyuma ya mwamba ni "the fishermen out beyond the reef". Linalowapotosha watu wetu zaidi ya yote ni "back". Tumefundishwa kwamba maana yake ni nyuma, lakini katika "my mother back in Siyu" hakuna nyuma ya mtu yeyote. "Back" hapo ni kule nilikotoka, kwetu. Na ukimwandikia mgeni "the shop back on the main street" umemwambia kwamba duka hilo amekwisha kulipita, basi arudi. Ukitaka nyuma ya jengo, sema "behind".

Neno la pili hufuata tabia ya nomino, na visiwani kwenu mfano mzuri ni Pate. Ukikusudia kisiwa kizima, chenye Pate yenyewe, Siyu, Faza na Kizingitini, utaandika "over on Pate". Ukikusudia mji, "over in Pate". Kwa Lamu ni hivyo hivyo: "on Lamu Island" lakini "in Lamu Town".

Sasa "before two days". Kosa hili hulisikia kila mwezi, na lina sumu kwa mfanyabiashara, kwani mgeni atakuja asubuhi ya safari akidhani amewahi. Katika Kiingereza kipimo, kiwe cha wakati au cha masafa, hutangulia neno la mahali au la wakati na hugusana nalo: "two days before the trip", "two days ahead", "three doors down from the mosque", "two hundred metres back from the seafront". Ajabu ni kwamba Kiswahili fasaha hufanya hivyo hivyo, "siku mbili kabla ya safari", "hatua chache kutoka msikitini", ila katika mazungumzo tumezoea kusema "agiza kabla ya siku mbili" na tunaelewana. Usiipeleke tafsiri hiyo ya haraka kwenye karatasi. Ukihesabu kutoka sasa kurudi nyuma, kipimo hufuatwa na "ago", nalo halipokei nomino nyuma yake: "two days ago", basi. Ukihesabu kutoka tukio jingine, tumia "before" na ulitaje tukio lenyewe.

Mahali hapo pa kipimo ndipo yanapokaa pia maneno madogo ya kukaza kama "right", "just", "straight" na "well": "right down by the jetty", "just past the fort", "straight up to the roof", "well before sunset". Kwa hiyo mlolongo kamili ni nomino, kisha kipimo au neno la kukaza, kisha upande, kisha uhusiano, kisha alama: "the café right down by the jetty". Si lazima ujaze nafasi zote, na sikushauri ujaribu. Viwili au vitatu vyatosha. Chagua pia kati ya kipimo na "right", kwa kuwa mtu aliyekwisha kutaja mita mia mbili hana haja ya kusema kwamba ni papo hapo.

Juu ya "walk on to Shela" mgeni wako amekuokoa. "Onto" ikiwa neno moja ni kupanda juu ya kitu au kutua juu yake: "step onto the boat", "jump onto the jetty". Ikipasuliwa, "on" ni ya kitenzi na maana yake ni kuendelea, na "to" hutaja mwisho wa safari. Shela ni mwendo wa kilomita tatu hivi kwa kufuata ufuko, na unachotaka kumwambia mgeni ni kwamba akifika mwisho wa mji asisimame, aendelee mpaka huko. Mtego huo uko pia katika "into": "come in to breakfast" ni karibu ndani upate chai, na "hand the key in to the watchman" ni kumkabidhi mlinzi ufunguo, ukiziunganisha katika sentensi hiyo ya pili, msomaji atauona ufunguo ukiingizwa mwilini mwa mlinzi.

Kuna hatari moja ambayo si mgeni wala mwalimu aliyekugusia, nayo ndiyo gharama ya kuacha nomino bila ya "which is". Maneno yanayofuata nomino yaweza kudaiwa na nomino au na kitenzi, na msomaji hana alama ya kumsaidia. "Call the captain back from Shela" ni kumwita nahodha aliyeko Shela arejee, au ni kumpigia simu nahodha aliyekwisha kurudi kutoka Shela? Mwingereza naye atasita. Mahali kama hapo ndipo "who is" inapolipa mshahara wake: "Call the captain who is back from Shela". Kwa hiyo usifute kila "which is" kwa sababu ya wino mwekundu. Futa pale ambapo hakuna kitenzi kingine kinachoyavutia maneno hayo.

Kuhusu kamusi, ugomvi wa majina ni wa zamani na haupaswi kukusumbua. Kwa desturi "up" huitwa kihusishi ikiwa na nomino, na kielezi ikiwa peke yake au ikifuatwa na kihusishi kingine, na kamusi nyingi zimebaki hapo. Mtaalamu wa lugha wa Denmark, Otto Jespersen, alikwisha kuhoji mgawanyo huo mwaka 1924: kitenzi hubaki kitenzi kikiwa na yambwa, yaani kinachotendwa, au kisiwe nayo, kama sisi tusemavyo "anaimba" na "anaimba kasida", basi kwa nini "up" ibadilishwe jina kila inapokosa nomino? Rodney Huddleston na Geoffrey Pullum, katika sarufi yao kubwa ya Kiingereza ya mwaka 2002, walilishika wazo hilo na kuyaita maneno hayo yote vihusishi, vingine vyenye kijalizo (maneno yanayokikamilisha) cha nomino, vingine vyenye kijalizo cha kirai kihusishi, yaani kihusishi pamoja na nomino yake, kama "on the roof", vingine bila ya kijalizo. Ukipenda jina la zamani, "up on the roof" ni kielezi na kirai kihusishi; ukipenda jipya, ni kihusishi kilichobeba kirai kihusishi. Kwa vyovyote vile sentensi haibadiliki hata herufi moja. Mwalimu wako, kwa kuviita vyote viwili vihusishi, amekuwa wa kisasa kuliko kamusi yako. Alipokosea ni kuvikataza kufuatana.

Nami nilisema ana haki katika jambo moja. Ziko sentensi ambazo neno la upande ni la ziada kweli, kwa sababu kitenzi kimekwisha kulimeza: "return back to the hotel", "descend down to the beach", "enter inside the fort". Hizo tunazisikia kila siku, na bila shaka mwalimu aliyetumia miaka akizisahihisha hushtuka aonapo maneno mawili ya mahali yamekaa bega kwa bega. "Return to the hotel" yatosha, na "go back to the hotel" ni sahihi vilevile, kwa kuwa "go" haina kurudi ndani yake.

"Outside of" na "off of" ni mazoea ya Marekani, na huko hayamshangazi mtu katika mazungumzo. Shule zetu na magazeti yetu hufuata desturi ya Uingereza, nayo husema "outside the fort" na "get off the boat". Ila tahadhari usije ukaiondoa "of" katika "out of", kwa maana Mmarekani huweza kusema "out the window" na sisi tuliofuata desturi ile nyingine twaandika "out of the window".

Basi mpe mpiga chapa haya: "Our house is two hundred metres back from the seafront, just past the small mosque. Breakfast is on the terrace up on the roof. For a trip over to Manda, please speak to the boatmen down by the jetty two days ahead. To reach Shela, follow the seafront south to the end of the town and walk on to the village." Masafa na msikiti nimebuni, virekebishe vilingane na nyumba yenu. Mwenye nyumba akitaka jina la mtaa liongezwe katika sentensi ya kwanza, "in Langoni" iingie mara tu baada ya "Our house", wala isitiwe kati ya "back" na "from", kwa sababu hapo hapaingii neno.